Muhuri wa Wiki Tatu

Sauti ilianza saa tisa alasiri, wazee wakimalizia chai. Ko. Kimya. Ko. Senga aliitambua kabla hajageuka: muhuri wa maktaba. Miaka ishirini na sita alipiga muhuri humo humo, tarehe ya kurudisha kitabu, wiki tatu kamili, mpaka halmashauri ilipofunga maktaba na jengo likawa kituo cha wazee kushinda mchana. Sasa yeye ndiye mpika chai. Muhuri wenyewe ulikuwa nyumbani kwake, kwenye droo ya jikoni. Siku ya kufunga aliutia mfukoni bila haya.

Harufu ya wino mbichi ikafuata. Bi Effie, aliyekaa palipokuwa na rafu za mashairi, akalalamika kwamba kuna mtu kamchafua mkono. Ilikuwa tarehe, ya zambarau. Tarehe hiyo ilipofika, Bi Effie akafia kitini, chai yake bado ya moto. Akafuata mzee Wattie, naye kwa tarehe yake. Mchungaji akaitwa, akaomba chumba kwa chumba, akala biskuti mbili, akaenda zake. Sauti ikaendelea. Senga aliosha vikombe. Tangu yeye na mumewe wamzike binti yao hakuna kitu kilichomfika moyoni.

Kisha Dougal, mumewe, akaja kumchukua, akaketi kumsubiri. Ko.

Tarehe ya zambarau ikatokea mkononi mwake. Hapo Senga aliogopa, mara ya kwanza baada ya miaka. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Asubuhi ya tarehe ile alitoa muhuri drooni, akasogeza namba wiki tatu mbele, kama alivyowafanyia wasomaji waliosema hawajamaliza, akaupiga chini ya alama ya kwanza. Dougal akaamka, akaomba uji.

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni theluji, na tarehe zimepanda mkono hadi begani na kushuka mgongoni, na Dougal hali wala halali, ngozi imekuwa ya manjano, kavu, inanuka chumba kisichofunguliwa, na Senga akimlalia kifuani hasikii pigo lolote la moyo humo ndani, ila macho yanamfuata kila aendako.

"Bibie," akamnong'oneza leo, mdomo haukusogea sana. "Nimechoka. Nirudishe."

Senga alikuwa ameshasogeza namba. Akamfungua kifungo cha shati, akatafuta mahali peupe.

"Bado sijamaliza," akasema.