Skripti Isiyouliza

Kila asubuhi, kabla ya gwaride, Chiriku na Pacha ndio waliofungua chumba cha kompyuta. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Pacha hakuwa pacha wa mtu. Ila ukimwona mmoja, mwenzake hayuko mbali. Walikaa dawati moja, na siri ya huyu ilikuwa siri ya yule.

Kazi yao ilikuwa kengele. Pale shuleni kengele ilipigwa na kompyuta iliyounganishwa na spika kubwa. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu: umeme ukikatika, saa yake ilisimama, kisha ikabaki nyuma mpaka ichukue saa sahihi kutoka kwenye mtandao. Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta aliwaagiza waandike skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyasoma mstari kwa mstari. Chiriku akaandika sehemu ya kupiga kengele. Pacha akachukua sehemu ya kuiuliza kompyuta: saa yako imelinganishwa na ya mtandao, au bado? Ikijibu bado, wakamwite mwalimu mbio.

Tangu hapo, kila walipoiendesha, skrini iliandika: SAA IKO SAWA.

"Si nilikwambia mimi ni kiboko?" Pacha alijigamba.

"Kiboko, toa kichwa kwanza nione skrini," Chiriku akamjibu, wakacheka.

Ikafika siku ya mashindano ya mbio. Basi lililokuwa likikusanya wakimbiaji wa shule mbalimbali lingepita njia panda, na wa shule yao wangetoka kengele ya mapumziko ikilia. Mmoja wao alikuwa dada yake Chiriku, aliyejifua muhula mzima. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, na asubuhi mtandao ulikuwa bado haujarudi. Hata hivyo skrini ikaandika SAA IKO SAWA, na Chiriku akaiamini. Walimu nao walishazoea kuifuata kengele.

Kengele ilichelewa. Wakimbiaji walipofika njia panda walimkuta muuza karanga tu.

"Basi? Limeshapita zamani, wanangu."

Mwalimu mkuu akawaita wale wawili ofisini. "Kengele imeharibiwa na nani?"

Chiriku alimtazama Pacha, akingoja aseme "sisi". Pacha akatazama viatu vyake.

"Sehemu ya kengele ni yake, mwalimu. Mimi simo."

Chiriku akauvua ufunguo wa chumba shingoni, akauweka mezani.

Nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mama yake alikuwa msusi, na sebule ya msusi haikosi wateja wala maneno.

"Ndiye huyu aliyeliacha basi liende?" mteja mmoja aliuliza, kichwa kimesukwa nusu.

"Shoga, kaa vizuri, nitakusuka upogo," mama alimkatiza.

Chumbani, dada alikuwa amelala akiutazama ukuta. "Usiniongeleshe. Mtu wa ndani ndiye aliyeniuza."

Maneno yale yalimchoma Chiriku, maana na yeye alikuwa na mtu wake wa ndani. Akawaza: kama skrini ilidanganya, nani aliifundisha kudanganya?

Kesho yake alimfuata mwalimu wa kompyuta. "Mwalimu, sitaki kumsingizia mtu. Naomba tuijaribu tu."

Mwalimu akachomoa waya wa mtandao, akairudisha saa nyuma kwa makusudi, kisha akaendesha skripti.

SAA IKO SAWA.

"Makubwa haya!" Mwalimu akaifungua skripti yenyewe. Pale palipotakiwa kuwa na swali palikuwa na mstari mmoja tu, unaoiamuru skrini iandike maneno yale. "Hapa hakuna swali, binti yangu. Kuna jibu tu."

Pacha alipoitwa, machozi yalimtangulia. "Ilikuwa inaniletea makosa kila nikijaribu. Niliona aibu. Nikasema nitaweka hii kwanza, nitarekebisha baadaye."

"Na jana mbele ya mwalimu mkuu?" mwalimu aliuliza.

Pacha akaficha uso kwa viganja.

"Ungeniambia imekushinda," Chiriku alisema, "ingetushinda wote wawili. Hata hilo ulininyima."

Wakaiandika upya, mwalimu akiwaelekeza. Waya ukiwa nje, skrini ikaandika: BADO. Waya uliporudishwa na saa ikajirekebisha, ikaandika: SAWA. Kisha Pacha akasimama gwarideni, akaeleza yote kwa mdomo wake mwenyewe, na mwalimu mkuu akamrudishia Chiriku ufunguo. Mbio hazikurudi, lakini jioni dada alisogea kitandani. "Njoo ulale, mdomo wewe. Nisamehe."

"Sikilizeni," mwalimu wa kompyuta aliwaambia darasani. "Mashine inayosema 'bado' haijakuaibisha, imekupa nafasi ya kurekebisha. Iogopeni ile inayosema 'sawa' bila kuulizwa. Na binadamu ni hivyohivyo. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Aibu yake ni ya siku moja. Uongo wake humwangukia mwenzako."

Baada ya kipindi, Pacha alisimama kando ya dawati lao, hajui akae au aondoke.

"Tuko sawa?" aliuliza polepole.

Chiriku akausogeza mkoba wake, akamwachia nafasi ya kukaa.

"Bado," akasema.