Cheti cha Dolores

Kila asubuhi, baada ya kiapo cha bendera, wanafunzi wa darasa la sita katika mji wa Pruett, Illinois, walipanga foleni kwenda chumba cha kompyuta. Ulikuwa mwaka 1983. Dirisha la darasa lao lilikuwa limezibwa kwa boksi tangu theluji ya Januari, lakini chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia jipya. Mashine sita zilitunzwa vizuri kuliko watoto arobaini.

Twyla Hofstetter, msichana wa miaka kumi na miwili, alikipenda chumba hicho kwa sababu ya kuaibisha: humo hakuhitaji kufikiri. Kila swali la hesabu lilikuwa na majibu manne. Ukikosa, mashine iliandika "JARIBU TENA." Ukibahatisha hadi ukapata, ilikupa alama zote kana kwamba ulipata mara ya kwanza. Ndiyo akili yote iliyokuwa ndani ya lile sanduku.

"Umeshamaliza?" rafiki yake Corliss alimwuliza. "Mimi niko swali la nne!"

"Kwani wewe unasoma maswali? Mshamba kweli!" Twyla akamcheka.

Kwa Bi Lindqvist, mwalimu wa hesabu aliyezeeka na chaki mkononi, Twyla alikuwa wa mwisho. Kwa mashine alikuwa wa kwanza. Mtoto mvivu akipewa hakimu kipofu, atakata rufaa ya nini?

Jumamosi moja ya Mei wazazi waliitwa ukumbini, siku ileile watoto walipoonyesha kuku wao uani. Mgeni alikuwa Bwana Gaddis, mtaalamu wa kampuni iliyouza kompyuta zile. Suti yake iling'aa, maneno yake yaling'aa zaidi, na ndani ya yote mawili hamkuwa na kitu.

"Ifikapo mwaka elfu mbili," alinguruma, "hakutakuwa na mwalimu darasani! Mashine haiugui, haichoki, haiombi likizo. Ushahidi huu hapa: Twyla Hofstetter, asilimia mia moja!"

Wazazi wakapiga makofi. Watu wazima waliojua bei ya mahindi hadi senti ya mwisho walimeza utabiri ule bila kutafuna. Bwana Strunk, mkulima aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, akatangaza kwamba Jumatatu bodi ingeamua kama Bi Lindqvist aachishwe kazi, maana hesabu sasa ilifundishwa na kompyuta.

Bi Lindqvist alikuwa ameketi nyuma, karibu na birika la kahawa, mikono mapajani. Twyla alimwona, akataka kusimama aseme ukweli.

"Nyamaza," Corliss alimnong'oneza. "Ukisema, utarudi mkiani."

"Twyla, njoo utuonyeshe!" Bwana Gaddis akaita kutoka mbele, palipowekwa kompyuta moja na mashine yake ya kuchapia.

Twyla akasimama. "Bwana, naweza kumleta mwenzangu?"

"Mlete! Hata awe mgumu namna gani, atafaulu."

Twyla akakimbilia uani, akarudi amemkumbatia Dolores, kuku wake mwekundu. Ukumbi ukaangua kicheko. Aliandika jina DOLORES, akatandaza punje za mahindi juu ya vitufe vya majibu, akamweka kuku mbele yake. Dolores akadonoa. JARIBU TENA. Akadonoa tena, na tena. Punje zilipoisha, Twyla aliongeza nyingine. Hatimaye kioo kikaandika: "HONGERA, DOLORES! ASILIMIA MIA MOJA!" Mashine ya kuchapia ikaanza kuchapa cheti kwa mkwaruzo.

"Hivyo ndivyo nilivyofanya tangu Oktoba," Twyla alisema, machozi yakimlengalenga. "Hesabu za sehemu sizijui. Bi Lindqvist alinifundisha, mimi ndiye sikutaka."

"Ni hitilafu ndogo tu," Bwana Gaddis akababaika.

"Naiona," Bwana Strunk akamjibu. "Ina manyoya. Ehe, Bwana mtabiri, mwaka elfu mbili kuku huyu atakuwa anafundisha darasa la ngapi?"

Jumatatu bodi ilimbakiza Bi Lindqvist. Bwana Gaddis akaenda kutabiri katika mji mwingine, ambako bila shaka walimpikia kuku.

Jumatatu hiyohiyo baada ya masomo, Bi Lindqvist alimpa Twyla chaki. "Nusu ukijumlisha na theluthi?"

"Mbili juu ya tano."

"Umekosa. Kwa nini?"

Twyla akaitazama chaki. Tangu Oktoba hakuna aliyemwuliza kwa nini.

"Mashine ilikwambia umekosa, haikukuuliza sababu, nawe ukafurahi," mwalimu alisema. "Sina ugomvi na kompyuta, mwanangu. Itarekebishwa, na tutaitumia kwa mazoezi. Lakini iwe ya leo au ya mwaka elfu mbili, ukiidanganya haitaona uchungu. Mjinga utabaki wewe. Haya, chora mkate, tuukate."

Walikata mikate ya chaki kila alasiri hadi shule ilipokaribia kufungwa. Mtihani wa Juni, ule wa karatasi na kalamu, Twyla alipata sitini na moja. Bi Lindqvist aliubandika ukutani, chini ya cheti cha Dolores.

"Sitini na moja tu, Mwalimu?" Twyla aliuliza, ameinamisha kichwa. "Cha juu kina mia."

"Za juu ni za kuku," Bi Lindqvist akamjibu. "Hizi ni zako."