Alama Nne Zilizobaki

Ilinca na Horea walijuana kwenye foleni ya mikate ya chumvi, soko la Iosefin, siku koti lake jekundu liliponaswa na zipu ya mkoba wa Horea. Hadi zipu inaachia, walishakula mkate mmoja wawili.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya Jumanne, Horea alimpigia mara saba bila majibu. Ya nane Ilinca akapokea.

"Kama umepata mwingine niambie tu, mpenzi. Siku tatu umeninunia. Mama katoka upasuaji, yuko kwenye pampu yenu ya dawa, anawatambia manesi eti mkwe wake ndiye kaitengeneza."

Ilinca ndiye aliyeandika programu ya pampu hiyo. Pampu ile ilifanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, kila kazi na nafasi yake ya kumbukumbu. Moja ikijaa kupita kiasi humwagikia jirani, na dawa huweza kwenda ovyo bila kengele kulia. Ndiyo maana kila nafasi hujazwa alama mapema, kazi ikizidi huzifuta, na mlinzi, kipande kidogo cha programu, huhesabu zilizobaki ili kuonya. Mwezi Machi, akipima kasi, Ilinca alimzima mlinzi kwa muda. Akasahau kumwasha, akatia saini programu itoke. Tangu Jumamosi, pampu ya maabara ilipoganda, alikuwa akisaka chanzo kama kichaa. Alikipata asubuhi hiyo, na jina lililokuwa pale ni lake.

"Horea, mwite nesi aitoe hiyo pampu sasa hivi. Waweke ya kampuni nyingine."

"Unanitisha."

"Hata mimi naogopa. Nenda."

Alisikia viatu vikikimbia, mlango, kisha simu ikakatika. Kila alipopiga haikupokewa. Kwenye tramu alisimama koti likiwa nje ndani, akimuomba Mungu.

Hospitalini, mama wa Horea alikuwa amelala, anapumua, dawa ikipita kwenye pampu nyingine. Ile yao ilikuwa juu ya kiti, bado inawaka. Ilinca akaunganisha kompyuta, akahesabu alama.

"Zilikuwa sitini na nne," alisema. "Zimebaki nne. Kengele yoyote ingelia nesi akiwa anabonyeza kitufe, kazi hizo mbili pamoja zingezimaliza."

Horea akamwonyesha simu yake.

"Jumapili nilikuandikia kwamba Mama atawekewa pampu yenu. Ulisoma?"

"Sikuufungua ujumbe."

"Mimi nikadhani una mtu." Akaigeukia pampu iliyokuwa juu ya kiti. "Nyingine ziko wapi?"

"Kumi na moja. Hospitali tatu."

"Kazini wanajua?"

"Bado. Watanifukuza, Horea, na labda ni haki yao."

Horea akavuta kiti kingine, akachukua orodha ya namba za hospitali kutoka mikononi mwa Ilinca.

"Kwa kuninyamazia tutagombana baadaye, na nitakugombeza kweli. Sasa mimi nasoma namba, wewe ongea."

Simu ya kwanza ikaanza kuita. Ilinca aliutafuta mkono wa Horea, akaukuta tayari unautafuta wake.