Manyoya ya Matete

Mto wa kwanza ulirudishwa na kinyozi, rafiki wa fundi wa mito. Aliushika kwa vidole viwili kama panya mfu, akauweka juu ya cherehani ya mke wa fundi.

"Shemeji, huu mto wenu umelowa."

Mwanamke akaupapasa. Foronya kavu kabisa, lakini manyoya ndani majimaji, na harufu ya tope. Akacheka. "Si ulikuwa unalia usingizini? Safari hii kakuacha nani?"

Kinyozi hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata msibani. "Mto unanong'ona," akasema, akaondoka bila kudai mwingine.

Kabla ya wiki kwisha ikarudi mitano.

Nyumba ile haikujaza mito kwa sufi. Walitumia matete ya kinamasini, yale yenye maua marefu ya hudhurungi kama magunzi. Ua likikauka hupasuka na kutoa manyoya meupe, laini ajabu. Kuyavuna ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaingia majini na mundu, kamba kiunoni, na mwenzake anabaki pakavu ameshika ncha. Miguu ikianza kuzama, wa majini anavuta mara mbili, wa pakavu anamtoa. Ndugu wawili walivuna hivyo miaka kumi, mpaka mkubwa, aliyeitwa Mrefu, akazama. Mdogo alisema kaka yake aliingia peke yake, yeye akiwa kitandani na homa. Watu wakaamini, wakalia naye, na mwaka ulipopita akamwoa mjane wa kaka yake. Msimu huu huyo mdogo, ndiye fundi, alikwenda kuvuna pale pale alipozama kaka yake, maana ndipo maua yalipositawi kuliko kwingine kote. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na oda ya mito arobaini.

Mchana mmoja kichwa kilimgonga mwanamke, akajilaza kwenye mto mmojawapo. Kwanza akasikia maji yakitokota taratibu chini ya sikio, kisha harufu ya tope ikampanda puani, akataka kuinuka shingo ikagoma, na shavu likawa baridi, na kutoka ndani kabisa ya manyoya ikaja sauti aliyolala nayo miaka saba, sauti ya Mrefu, haina hasira bado, ina mshangao tu, ikisema: "Nimevuta mara mbili, mdogo wangu. Nimevuta tena. Mbona unaniangalia tu?"

Shingo ikalegea, akaketi. Mtu aliyeingia peke yake anamvutia nani kamba?

Alimkuta fundi stoo. Siku nne hajafumba jicho kwa minong'ono ya mito.

"Nimemwita mganga," fundi akanong'ona. "Anakuja alasiri. Atamtoa huyo jini, asirudi tena."

"Kamba alishika nani?"

"Kamba gani?"

"Usinifanye mtoto."

Fundi akatazama mlango kana kwamba kuna mtu. "Mimi. Niliishika, nikaiachia. Nilikupenda tangu siku alipokuleta nyumbani, sasa ningefanyaje? Mke wangu, yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," akamalizia yeye.

Alimchukia pale pale, akaichukia na mikono ile aliyokuwa akiipokea kila usiku. Akajua pia kwamba mganga akifika, Mrefu atafukuzwa kama mwizi, na aliyemuua atalala fofofo mpaka uzeeni. Alasiri haikuwa mbali.

"Umechoka, baba," akasema kwa upole. "Kalale. Mganga akija nitakuamsha."

Akamtandikia shuka safi. Mto alimchagulia mwenyewe.

Akaketi mlangoni. Fundi akakoroma, na mkoromo ukaanza kugeuka mgugumio wa maji, na manyoya yakapenya kwenye mshono alioushona yeye kwa uzi maradufu, yakatambaa shavuni, yakaingia puani na mdomoni yakichuruzika tope, mpaka mwanamume akakodoa macho, akamnyooshea mkewe mkono, vidole vikifumba na kufumbua, na mkewe akautazama ule mkono bila kusogea hadi ulipoanguka.

Mganga alikuwa bibi mfupi mwenye mkoba wa ngozi. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba, akanusa.

"Mto huu kamwekea nani?"

"Mimi."

"Masikini, mwanangu! Jini akija mwenyewe, namtoa. Ukimkaribisha kwa mkono wako, hatoki tena. Na usijidanganye, yule si mumeo wa kwanza. Ni kitu kilichomla kule majini kikabaki na sauti yake."

Chumbani kitanda kikalia, kama mtu mrefu anayegeuka upande.

"Sauti inanitosha, bibi," mwanamke akasema. "Asitoke."

Mganga akatupa mkoba begani, akaenda zake bila hata kuomba maji ya kunywa.