Miche ya Nyumba Isiyosemezana

Ndugu zangu mnaolima na msiolima, mlio kwenye ndoa na mnaojiandaa kuingia, nawaomba masikio yenu. Nitawasimulia yaliyoipata nyumba ya Allal na mkewe Haddum, huku kwetu Moroko kwenye milima ya Rifi, mwaka ule wa kwanza waliopewa kibali cha kulima bangi ya dawa. Nyumba hiyo haikuwa na mlevi wala mwizi. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, ambao wengi wetu tunao na hatuuiti ugonjwa: kununiana.

Asubuhi moja, theluji ikiwa imeyeyuka vileleni, Haddum alitoka uani na mkate wa shayiri uliolowa mafuta ya zeituni, akamkuta mumewe amechuchumaa kando ya kitalu.

"Njoo uone, Haddum! Wameamka!"

Miche ilikuwa imetokeza, kila mmoja na vijani viwili vya mviringo, imebeba chembe za udongo kichwani. Haddum akammegea mumewe mkate, wakala pamoja wakiitazama. Mama Tamimunt, mama yake Allal, alikuwa kizingitini akichambua maharage.

"Hata nilipokuzaa wewe, Allal," akasema, "baba yako hakunitumbulia macho hivyo."

Wakacheka wote watatu. Walikuwa na sababu ya kufurahi. Allal alikuwa amelima bangi tangu ujana wake, kama baba yake, sikio moja shambani na jingine barabarani. Gari la askari likisikika, anatupa jembe na kukimbilia msituni. Mwaka ule gari likipita alisimama wima, akapunga mkono na kusalimia kwa sauti. Ushirika wa wakulima ulikuwa umewapa mbegu kwa sharti moja: miche ikikua salama watapanda, ikifa, sehemu yao ya kibali atapewa mwingine anayesubiri.

Sasa sikilizeni amani ile ilivyovunjika.

Siku chache baadaye wageni wa ushirika walikuja kukagua mashamba. Allal hakuwa na nyama ya kuwapa, na aliona aibu kuwawekea supu ya maharage. Haddum alikuwa amekwenda kisimani. Allal akamchukua mbuzi mweupe, yule ambaye Haddum alipewa na marehemu mama yake, akamchinja. Haddum aliporudi na mitungi yake, alikuta ngozi imetandazwa juu ya ukuta. Hakupiga kelele. Alibeba sinia la nyama mwenyewe, akaliweka mbele ya wageni na kusema, "Kuleni mshibe. Mume wangu ni mkarimu sana kwa vitu vya watu."

Wageni wakabaki na matonge mikononi. Uso wa Allal ukawaka kama umepigwa kofi.

Nani alikosea? Wewe utasema mume, mwingine atasema mke. Mimi nasema wote wawili, tena siku hiyo hiyo ingetosha kulimaliza jambo. Lakini Allal alingoja aombwe radhi, na Haddum akangoja aombwe radhi, na kungoja kule kukageuka ukuta katikati ya nyumba.

Walikula sinia moja bila kutazamana. Maneno yote yalipitia kwa Mama Tamimunt.

"Mama, mwambie mwanao chai iko tayari."

"Mama, mwambie mkweo nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujagusa hata mkate?"

"Wewe mwambie tu."

Na Haddum yuko hapo hapo, ameshika birika, chai ya mnanaa inatoa mvuke, anasikia kila neno.

Kabla ya ugomvi waliulizana kila kitu kuhusu kitalu. Sasa kila mmoja alitenda peke yake. Haddum alimwona mumewe anaondoka asubuhi kwenda kuandaa shamba bila hata kugeuza shingo upande wa miche. Akasema moyoni, ameitupa ili kunikomoa. Basi akawa anaimwagilia mwenyewe, kila asubuhi, ndoo nzima. Hakujua kwamba Allal aliporudi jioni, yeye akiwa kisimani, aliukuta uso wa udongo umekaushwa na upepo wa mashariki, akasema moyoni maneno yale yale, naye akamwaga ndoo yake. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi. Juu ulikauka na kupasuka, chini ukabaki tope.

Haikuchukua muda, Haddum akaona majani ya chini yamepauka. Baadaye yakawa njano, na njano ikaanza kupanda. Miche ililegea kama mtu aliyekosa usingizi. Alipoiona hivyo, mdomo wake ulifunguka wenyewe kumwita mumewe. Jina lilifika ulimini, akalimeza.

"Ina njaa," akajiambia. Akaenda kwenye banda la kuku, akakoroga kinyesi kwenye maji, akamwagia miche yote. Na jioni Allal, baada ya kuitazama njano ile kwa hofu, alichukua mbolea ya chumvichumvi iliyobaki ghalani akainyunyiza, kisha akamwagilia juu yake ili iyeyuke vizuri.

Ncha za majani zikaungua. Miche mingine ikalala chini na haikuinuka. Hapo ndipo maneno yalipokuwa makali.

"Mama, muulize huyo bwana wa kibali, mbona miche yake inakufa?"

"Mama, mwambie labda kuna mtu anaitazama kwa jicho analonitazamia mimi."

Mama Tamimunt akasukuma sinia kando.

"Basi! Mimi si simu! Mwenye neno amwambie mwenziwe. Haya meno machache niliyobakiza nayataka kwa kula, si kwa kubebea matusi yenu."

Tangu hapo nyumba ikawa kimya kabisa. Aliyetaka chumvi aliinuka akaichukua mwenyewe.

Siku moja kisimani, jirani alimpa Haddum pole. "Tumesikia Allal anakwenda Tanja kutafuta kazi bandarini. Amemwambia mume wangu kwamba hapa hana tena cha kungoja."

Haddum alijaza mtungi hadi ukafurika, maji yakamlowesha miguu, wala hakuhisi. Wanawe wawili walishakwenda huko huko Tanja, nao huja mara moja kwa mwaka. Sasa na baba yao? Alirudi akafungua sanduku lake la nguo. Na yeye angekwenda kwa kaka yake, asibaki kuwa mke wa kuachwa mlangoni. Alikunja kanzu yake, akakunja shuka, kisha akakuta mikononi mwake ana joho la sufu la Allal, lile alilomfumia mwaka waliooana. Alikaa nalo chini, akalia bila sauti ili mama mkwe asisikie.

Akiwa hapo, mtu akabisha hodi. Alikuwa Rahma, bibi shamba wa ushirika, mwanamke mwenye buti zilizojaa matope na asiyejua kuzunguka maneno. Allal naye alikuwa amerudi mapema. Wote wakatoka uani, mume upande mmoja wa kitalu, mke upande wa pili.

Rahma aliinamia miche. Akaokota jani moja, akaligeuza chini ya mwanga.

"Nani anamwagilia?"

"Mimi," akasema Haddum.

"Mimi," akasema Allal.

Walisema kwa pamoja. Rahma akainua kichwa.

"Lini?"

"Kila asubuhi."

"Kila jioni."

"Na mbolea je?"

"Kinyesi cha kuku, kidogo tu," Haddum akajibu, sauti imeshuka.

"Ya chumvichumvi," akasema Allal. "Kidogo tu."

Kutoka kizingitini Mama Tamimunt akapiga makofi. "Ya Rabi! Mmewalisha mara mbili na kuwazamisha mara mbili! Na mimi mnaniita mzee nisiyeona!"

Rahma akang'oa mche uliolala, akawapa wanuse mizizi. Ilikuwa ya kahawia, laini, ina harufu chachu kama mtungi wa maziwa usiooshwa. Akachimba kwa vidole, akakamua udongo, maji yakadondoka.

"Vile vijani viwili vya kwanza vikipauka vyenyewe, msihangaike, kazi yake imekwisha," akasema. "Lakini njano ikipanda juu, na mche umelegea huku udongo umelowa, hiyo si kiu wala njaa. Mizizi inakosa hewa, na isipovuta pumzi haiwezi kula hata ukiiletea karamu. Na hizo ncha zilizoungua ni mbolea imezidi. Mche mchanga unatosheka na udongo mzuri."

"Itapona?" Allal akauliza.

"Mingine imekufa. Yenye mizizi myeupe mtaihamishia kitalu kipya kilichoinuka, changanyeni udongo na mchanga, maji yapate pa kutokea. Kabla ya kumwagilia chomekeni kidole. Kikitoka na unyevu, acheni. Na msitazame majani ya njano, hayo hayarudi kijani tena. Tazameni yatakayochipua juu." Akafuta mikono. "Ila amueni nani anamwagilia. Hilo mimi siwezi kuwaamulia."

Alipoondoka, walibaki wawili kando ya kitalu. Haddum alimwona mumewe amekonda, na ndevu zimeachwa bila kupunguzwa. Kila jioni mtu huyu alikuwa amebeba maji, wakati yeye akidhani ameipa nyumba kisogo.

"Nilidhani umeitupa," akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza.

"Nami nilidhani wewe umeitupa," akasema Allal. "Haddum, yule mbuzi hakuwa wangu. Nilimchinja kwa sababu ya aibu yangu, nikakupa wewe huzuni. Nisamehe."

"Nami nilikuvua nguo mbele ya watu. Ningengoja waondoke. Nisamehe, baba watoto." Kisha akauliza lile lililokuwa likimuuma: "Unakwenda Tanja?"

"Nilisema hivyo ili mtu akwambie."

"Na mimi nimekunja nguo."

"Basi kazikunjue, halafu lete beleshi."

Walifanya kazi mpaka jua lilipogusa mlima. Allal alichimba mfereji na kuinua kitalu kipya. Haddum alichambua mizizi, myeupe huku, ya kahawia kule. Rundo la iliyokufa lilikuwa kubwa, na hawakujidanganya kwamba ni dogo. Katika siku zilizofuata walichomeka vidole na kuulizana. "Nimwage?" "Bado, kuna unyevu." Majani ya njano yalidondoka. Kisha katikati ya kila mche uliosalia ikatokea ncha ndogo, kijani safi, yenye meno pembeni. Haddum aliita kwa nguvu kiasi kwamba jirani alidhani kumetokea nyoka.

Walipanda nusu tu ya shamba. Ushirika ukaridhika na nusu ile, ukawaachia sehemu yao. Siku ya kupanda, mume na mke walibishana tangu asubuhi: huyu anasema mashimo yamesogeleana, yule anasema yameachana mno, wanarushiana kamba ya kupimia na kelele zinafika barabarani. Mpita njia akamwuliza Mama Tamimunt kama waliomo shambani wana ugomvi.

"Wanasemezana," bibi akajibu, akarudi kwenye maharage yake.

*Mafunzo ya hadithi hii*

Ndugu zangu, kosa la mbuzi lilikuwa la siku moja. Ukimya wa baadaye ndio uliokaribia kuivunja nyumba. Watu wawili wanaopendana wanaweza kuharibu kitu kile kile wanachokipenda, kila mmoja kwa nia njema, kwa kuwa tu hawaambiani wanachofanya. Ukikosea, omba radhi kabla ya kuombwa. Ukikosewa, sema na aliyekukosea, usiseme na sinia wala na mama mkwe. Na ukiona dalili mbaya, shambani au nyumbani, usiharakishe kuongeza dawa: uliza kwanza mwenzako amekwisha kutia nini.