Kanda Isiyoandikwa Kitu

Ijumaa jioni duka la kukodisha kanda za video pale Bladensburg, Marekani, lilijaa watu, na Jerotich alinyoosha mkono akaishika kanda ambayo tayari ilikuwa imeshikwa na mwingine. Ilikuwa filamu ya zamani ya rock and roll, ya vijana wenye sketi pana na nywele za mafuta wanaocheza mpaka viatu vinalia. Jerotich alimtafutia bibi mzungu aliyekuwa akimtunza huko Lanham, mji wa jirani. Aliyeishika mwanzo ni Elie, Mrundi, mpishi wa hoteli, shati jekundu, kola imesimama.

"Hiyo kola imekataa kulala ama?" Jerotich akamtania.

"Ikilala, chérie, nitabaki mpishi tu."

Kwa kuitwa mpenzi kwa Kifaransa, Jerotich akacheka kabla hajajizuia. Wakagawana kanda, leo bibi, kesho Elie, na baridi ilipoingia walikuwa wakiitazama wawili, kwenye zulia la chumba cha Jerotich, Elie akimfundisha kuzunguka bila kumkanyaga. Simu zao zilikuwa ndefu hata mwenye nyumba akalalamika. Habari ya ndoa ilikuwa imeshamfikia mchungaji.

Kisha mama yake Jerotich akafa huko nyumbani. Karatasi za Jerotich mwenyewe zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji. Angetoka Marekani, asingerudi. Akafanya wanachofanya wengi wetu huku: akalilia kwenye simu, akangoja kanda ya mazishi. Kaka yake, Kiprotich, akaituma. Ilipofika, Jerotich hakuthubutu kuitazama. Hata kuiandika juu mkono ulikataa, maana angeandika nini? Akaiweka chini ya televisheni vivyo hivyo, wala hakumwambia Elie. Alitaka apate nguvu kwanza.

Jumapili moja mchana, yeye yuko kazini, televisheni ikaonyesha ile filamu yao. Elie alikuwa chumbani kwa Jerotich akimngoja. Akaona kanda isiyo na maandishi, akairekodia filamu, akaifunga utepe ili amfurahishe.

Jerotich alipoifungua zawadi aliitambua kwa mkwaruzo wake wa pembeni. Elie akamwambia kwa furaha kwamba ameirekodia filamu yao. Jerotich akampigia Kiprotich, akaambiwa mpiga video alishafuta ya kwake akarekodia harusi ya watu.

"Nilizani haiko na kitu," Elie alisema, machozi yakimtoka. "Juu hakukuandikwa hata neno, Jerotich."

Jerotich akaitumbukiza kwenye deki. Akaikimbiza kanda mbele, vijana wakirukaruka bila sauti, hadi filamu ikaisha. Mwishoni yalikuwa yamebaki mazishi kidogo: kaburi limekwisha kufukiwa, maua yamepangwa, watu wananawa mikono ili wale. Kiprotich akaisogelea kamera, suti ikimpwaya.

"Jerotich," akasema, "sasa umeona yote. Umemzika mama pamoja na sisi. Usilie tena."

Picha ikakatika. Elie akapiga magoti. Aliomba, aliapa, aliitaja na ile harusi yao. Jerotich alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu moyo haukumpa hata nafuu ya kumchukia.

"Nimekusamehe," akamwambia. "Ungejuaje? Mimi ndiye nilinyamaza. Lakini nikikuangalia tu, Elie, wale watu wanaanza kucheza juu ya mama yangu, na siwezi kuwazima."

 Elie akavaa koti lake taratibu, akatoka.