Taulo la Nahodha

Fiston Twagirayezu alikutwa amekufa Alhamisi asubuhi, ndani ya kishimo cha mawe ya volkano kule Lac Vert, kando ya barabara ya Sake. Alikuwa amelala chali juu ya mkeka wa mazoezi, mikono imenyooka ubavuni, vidole vya viatu vyake vikubwa vikitazama mbinguni. Alikuwa nahodha wa Club Makoro, timu ya basket ambayo Goma nzima ilikuwa inaizungumza mwezi ule, na alikuwa mrefu hata ikabidi machela mbili zifungwe pamoja ili kumbeba.

Juu ya kishimo, karibu na barabara, vijana wa mtaa walimkuta mchezaji mwenzake, Ézéchiel Ntirenganya, amepiga magoti anatapika. Mkononi ameshika kipande cha jaketi ya Fiston, kimechanika begani. Hawakumwuliza kitu. Walimpiga kwanza. Mama Rosette, mwanamke anayechunga mbuzi pale, alijilaza juu ya kijana huyo akapokea mateke yasiyokuwa yake, mpaka polisi wakafika.

Julienne Umugwaneza, mpelelezi wa polisi ambaye mji wote unamwita Mama OPJ, alifika saa mbili. Jua lilikuwa limepanda na upepo wa ziwa umeanza kuvuma. Mama Rosette aliwasha konzi ya majani makavu akaishusha kishimoni kwa ncha ya fimbo. Moto haukuzimika.

"Sasa unaweza kushuka, mama," alisema, mdomo wake umevimba. "Mazuku imeenda."

Mtoto yeyote wa Goma huonywa juu ya mazuku kabla hajajua kuhesabu. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Haina rangi wala harufu. Usiku ni nzito, inalala mashimoni kama maji, na asubuhi upepo unaifagia. Kuku akiingia humo hatoki. Mbuzi hatoki.

"Inafika wapi kwa mutu?" Julienne aliuliza.

"Hapa kwetu, kiunoni. Mimi napita nimesimama, nasikia miguu mizito tu. Mbuzi wangu alilala hapa mwaka jana, akalala moja kwa moja. Ndiyo nikasimika mti wenye kitambaa chekundu, mutoto wa mutu asipotee kama yule mbuzi. Jana jioni mti ulikuwepo. Leo nimeukuta kule kwenye maharage, umetupwa."

Julienne alimtazama marehemu. Mtu wa zaidi ya mita mbili, aliyesimama, kichwa chake kingekuwa juu kabisa ya hewa ile. Ili imuue, ilibidi alale. Tena hakuanguka: chini ya kichwa chake palikuwa na taulo jeupe, limekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kama mama anavyomkunjia mtoto mto.

Mkubwa wake, kamanda, hakutaka maelezo marefu. "Walikuwa wanagombana tangu Jumapili," alisema. "Ama unaniletea mutu mwingine kesho saa sita ya mchana, ama huyu Ézéchiel anapelekwa mahakamani. Na akitoka nje ya lango hili, Mama OPJ, wewe mwenyewe unaona matairi yale."

Kweli, mbele ya kituo vijana walikuwa wamekwisha panga matairi ya gari, na mmoja amekaa juu ya kidumu cha petroli anakula muhindi wa kuchoma.

Ndani ya kasho, selo ya kituo, Ézéchiel alikuwa ameegemea ukuta. Julienne alimletea maji. Alikunywa, akayatapika.

"Kichwa kinauma?"

"Kinapasuka, mama."

"Jumapili ulimwambia nini Fiston mbele ya timu nzima?"

"Nilimwambia, ukishinda Jumamosi utatuua." Alifunga macho. "Ndivyo nilivyosema. Sikatai."

Akaeleza polepole. Timu nne zinaingia mtoano. Wa kwanza anakutana na wa nne, wa pili na wa tatu. Makoro wakishinda mechi ya mwisho Jumamosi, wanamaliza wa kwanza, na wa kwanza anacheza nyumbani Goma. Lakini mwaka huu wa nne ni timu ya Bukavu, yenye majitu mawili yaliyokosa nusu ya msimu kwa majeraha. Watu walisema yamepona. Wa tatu ilikuwa timu dhaifu. Kwa hiyo Ézéchiel alitaka wapoteze kwa makusudi, wawe wa pili, wapite njia laini.

"Na Fiston?"

"Fiston alicheka. Alisema, mutu anayechagua adui amekwisha ogopa. Tena aliwaahidi watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kwamba nusu fainali wataiona kwa macho yao, hapa hapa. Mimi natoka kambi ile, mama. Mama yangu yuko kule. Niliona haya. Leo asubuhi nilimfuata Lac Vert nimwombe radhi kabla wengine hawajafika."

"Ukamkuta?"

"Niliona viatu. Nikashuka. Nikamvuta kwa mkono. Ni mzito, yule. Magoti yakaisha nguvu, nikaanguka kando yake, macho yakawa giza. Sijui nilitambaa vipi. Nilipofungua macho nilikuwa juu, na nimeshika ile jaketi." Akageuza uso ukutani. "Nilimwacha, mama. Waache wanichome tu."

Saa tano Julienne alikwenda Himbi, kwenye ofisi ya rais wa klabu, Muzee Ferdinand, mtu mnene mwenye sauti ya harusini. Siku ile sauti ilikuwa imekauka.

"Wanasema na wewe ulimtishia nahodha wako, muzee."

"Nilimwambia akipoteza Jumamosi nitamfukuza mpaka asahau njia ya Himbi. Nilitaka kushinda! Nyumbani uwanja unajaa. Wa kwanza ni wa kwanza, mama. Mutu hawezi kukataa kiti cha mbele kanisani kwa sababu padri anatema mate."

"Basi wewe na Fiston mlitaka kitu kimoja."

"Kimoja kabisa. Ni Ézéchiel na wenzake wawili ndio walikuwa na woga."

"Na kocha alisema nini Jumapili?"

Ferdinand alifikiri. "Jean de Dieu? Hakusema. Wote wanapiga kelele, yeye anakunja mataulo. Ni kazi yake ile. Wachezaji wakilala kunyoosha misuli, anamkunjia kila mmoja taulo la kichwani kwa mikono yake. Baba mzazi hafanyi vile."

Julienne hakuandika neno hilo, lakini lilimkaa moyoni.

Kocha Jean de Dieu Niyitegeka alikuwa kwake, sebule imejaa wachezaji wanaolia. Mkewe, Igiraneza, alikuwa anazungusha chai. Kocha alisimulia vizuri sana hata wale waliokwisha sikia wakalia tena.

"Nilifika saa kumi na mbili na nusu, peke yangu. Nikaona mutoto amelala chini. Mimi ni mutu wa Rutshuru, mama, mambo ya mazuku nayasikia tu kwa watu. Ningejuaje? Nikashuka mbio. Nikapiga magoti, nikamweka kichwa kwenye mapaja yangu, nikampulizia pumzi kinywani. Nikamwita, Fiston, Fiston. Nilikaa naye mpaka nikajua ameenda. Nikamlaza tena vizuri, nikakimbilia gari langu, nikaenda kutafuta musaada. Kurudi, nakuta wanampiga Ézéchiel."

"Ézéchiel hukumwona kabla ya hapo?"

"Hapana."

"Pole, kocha. Wewe mwenyewe hujaumwa?"

"Moyo tu, mama."

Alichovya mkate kwenye chai akala, akaongeza wa pili. Julienne alikitazama kile kipande cha mkate kikishuka kooni, akamkumbuka kijana asiyeweza kutunza maji tumboni. Akaaga.

Jioni alirudi kwa Mama Rosette na kumwuliza swali moja: asubuhi ile alijaribu moto saa ngapi kwa mara ya kwanza?

"Kengele ya saa moja ya misa ilikuwa inalia. Nilishusha majani, yakazimika kama umeyatia ndani ya maji. Kwa sababu hiyo hatukumtoa haraka, mama. Watu wanasema tulimchelewesha. Hatukumchelewesha."

"Najua, mama. Na gari uliliona?"

"Lile jeupe la kocha? Lilikuwa limesimama juu pale kabla sijaenda kukamua mbuzi. Giza bado."

Ijumaa, kabla jua halijachungulia, Julienne aliwakusanya kwenye ukingo wa kishimo: kocha, Muzee Ferdinand, wachezaji wachache, na Ézéchiel akiwa na pingu na blanketi la polisi mabegani. Hapakuwa na upepo. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa inawaka nyekundu kwa mbali. Mti wa Mama Rosette haukuwa umerudishwa bado.

"Kocha," Julienne alisema, "ripoti yangu inakosa kitu kimoja. Shuka unionyeshe mahali ulipopiga magoti."

Jean de Dieu alisogea mpaka mawe ya ukingoni, akasimama.

"Saa inakaribia ile ile," Julienne aliendelea. "Hewa ni ile ile. Piga magoti tu, kama jana. Hatutakuomba ukae sana."

"Mama, sasa tunajua ni mazuku. Nitakufa."

"Jana hukufa."

Mama Rosette aliwasha majani yake, akayashusha. Chini ya usawa wa kiuno moto ulikatika, ukabaki moshi umelala kama paka.

"Asiyejua mazuku hupiga magoti," Julienne alisema. "Hilo ulilifikiri vizuri, ukatunga hadithi ya mutu asiyejua. Lakini aliyepiga magoti humu haendi nyumbani kula mkate. Yuko mmoja aliyepiga magoti, na tangu jana anatapika. Yule pale, mnataka kumchoma."

Ferdinand aligeuka polepole. "Jean de Dieu."

"Wewe hukushuka hata kidogo," Julienne alisema. "Uling'oa mti usiku. Ulimwita nahodha mapema kuliko wenzake. Ukamkunjia taulo."

Kocha alikaa juu ya jiwe. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya mazoezini, ile ya kueleza mpango.

"Nimezaliwa Sake. Nimechunga mbuzi mashimo haya yote. Mutu akinusa kidogo anapata kizunguzungu siku tatu, nne. Nilitaka akose Jumamosi, basi. Bila yeye tunapoteza, tunakuwa wa pili, tunapita. Miaka kumi na moja nafundisha, sijaona fainali. Fainali! Yeye anataka kuwaonyesha watoto wa kambi uhodari."

"Alilala mwenyewe?"

"Nilimwambia lala, nyoosha mgongo, hesabu pumzi. Taulo nilimpa kutoka huku juu. Alisema asante, kocha." Alipangusa mdomo. "Nilidhani nitamwita baada ya muda kidogo. Nikamwita. Hakujibu."

"Ukaenda kukaa ndani ya gari."

"Ndiyo."

"Ézéchiel alipita kando ya gari lako."

Jean de Dieu aligeukia upande wa barabara.

"Ulimwona anashuka," Julienne alisema. "Kioo ulikifungua?"

"Nilifikiri..." alisema kocha.

Ézéchiel alicheka, kicheko kibovu kama cha mtu anayekabwa, kisha akakaa chini palepale alipokuwa. Julienne alimfungua pingu mwenyewe. Mama Rosette akamfunga vizuri blanketi shingoni.

Jumamosi Makoro walicheza bila nahodha na bila kocha, wakashinda kwa pointi moja, wakamaliza wa kwanza. Ézéchiel alikuwa benchi. Daktari alimkataza kukimbia. Watu waliopanga matairi walimpigia makofi. Hakuinua uso.

Jioni ile Julienne alipita kwenye kasho. Igiraneza alikuwa ameleta chakula cha fufu na sombe, na taulo safi, kwa sababu sakafu ni ya saruji na usiku ni baridi. Aliviacha mlangoni, akaenda bila kuomba kumwona mumewe.

"Tumeshinda?" Jean de Dieu aliuliza kwanza kabisa.

"Mmeshinda. Mtakutana na Bukavu hapa nyumbani."

"Basi watatuvunja. Majitu yale mawili..."

"Hayapo. Viongozi wao wamefika leo, nimewauliza. Yalipata kazi kwenye timu ya Kinshasa, yaliondoka mwezi uliopita. Bukavu waliobaki ndio dhaifu kuliko wote wanne. Muzee Ferdinand anasema ungepiga simu moja tu, ungejua."

Kocha alimtazama mpelelezi, kama mchezaji anayesubiri refa abadilishe uamuzi. Kisha akainama, akalichukua taulo. Mikono yake ililikunja yenyewe, pembe kwa pembe, mara moja, mara mbili, mara nne. Akaliweka kwenye saruji.

Julienne alikaa koridoni mpaka zamu ilipobadilika. Kila alipochungulia, taulo lilikuwa pale pale, limenyooka, jeupe, na kocha amesimama.